Puto Lisilo na Mwenyewe

Kampuni ya ndege ilipochoshwa na ugomvi wa nani asafishe ndege kati ya safari moja na nyingine, ilimwita msuluhishi. Alikuja mtu wa miwani minene na viatu vya kung'aa, aliyekwisha kupatanisha wachimba migodi na matajiri wao, na mara moja kwaya na mpiga kinanda wake. Aliwasikiliza wasafishaji wakisema kwamba wao ni wachache na ndege ni nyingi. Akawasikiliza wahudumu wa ndege wakisema kwamba wao walisomea kuokoa roho za watu, si kuokota maganda ya karanga. Akanywa chai. Akafumba macho kwa muda mrefu hata watu wakadhani amepitiwa na usingizi, kisha akatoa uamuzi: kitu chochote kinachogusa sakafu ni cha wasafishaji, na kitu chochote kisichogusa sakafu ni cha wahudumu.

Watu wakapiga makofi. Msuluhishi akapeana mikono na pande zote mbili, akapanda ndege kurudi kwao, na inasemekana alikalia ganda la ndizi.

Maana utaratibu mpya ulikwenda hivi. Abiria wa mwisho akishashuka, wahudumu walipita mbiombio na kupangusa kila kilichobaki juu ya viti na vimeza: makombo, vikombe, magazeti, soksi isiyo na mwenzake. Hawakukiokota. Walikisukuma tu kikaanguka chini, na kikishaanguka chini kilikuwa cha watu wengine. Kisha wasafishaji waliingia na fagio zao, wakainama, wakaokota kila kilichokuwa chini na kukiweka juu ya kiti polepole, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Hapo kikarudi kuwa cha wahudumu. Wahudumu wakasukuma tena. Lilikuwepo ganda la chungwa lililopanda na kushuka mpaka likakauka, na wasafishaji walilizoea hata wakalipa jina la utani. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko kusafisha. Watu walitoka mle wanahema, jasho linawatiririka, na ndege chafu vilevile.

Wasafishaji wa zamu ya mchana waliongozwa na mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, ambaye wenzake walimwita Mnyapara. Jina hilo halikumuudhi. Alikuwa na mgongo mbovu, kikosi cha wanawake wenye migongo mibovu zaidi, na msimamo mmoja: uamuzi ni uamuzi. Ilhali miongoni mwa wahudumu, kwenye sare ya buluu na viatu vya kisigino, alikuwamo mdogo wake wa tumbo moja, kitindamimba wa mama yao, aliyeitwa Kitinda tangu hajajua kutembea.

Dada hawa wawili walikuwa kama kidole na pete mpaka siku ya uamuzi. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Waliishi nyumba moja na mama yao, wakala meza moja, na kila neno lilipitia kwa mama. Mwambie binti yako anipishe mlangoni. Mwambie dada yangu chumvi imezidi. Mama alikuwa mtu wa mzaha, na alilalamika kwamba uzeeni mwake amegeuzwa simu ya mezani, hata kukohoa hakohoi bila kuogopa kukata mazungumzo ya watu.

Mama huyo alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akabaki kuona mwanga na vivuli tu. Binti zake aliwatambua kwa miguu: Mnyapara aliburuta, Kitinda aligonga. Kwa muda mrefu walimhangaikia, na hatimaye ikapatikana nafasi kwa daktari bingwa wa macho aliyekuja kutoka mbali na kupasua watu katika hospitali ya mji mwingine. Nafasi ya mama ilikuwa asubuhi ya siku ya mwisho. Daktari akimaliza asubuhi hiyo anafunga mkoba wake na kuondoka, na hakuna aliyejua atarudi lini, au kama atarudi. Kwa hiyo mama akakatiwa tiketi ya ndege ya jioni ya siku iliyotangulia. Kitinda alikuwa anahudumu katika ndege hiyohiyo, na hilo lilimtuliza Mnyapara, ingawa hakumwambia mtu.

Ndege ilichelewa kutua. Rubani alishuka ngazini akiwa amevimba macho, akatangaza kwa sauti ya upole kwamba muda wake wa kazi unaelekea ukingoni. Sheria ya marubani iko wazi: saa zake zikiisha kabla hajapaa, atakwenda kulala, na ndege italala naye. Rubani mwingine hakuwapo. Akaomba wajitahidi, akaenda kutafuta kahawa.

Walijitahidi. Siku hiyo walisukuma na kuinua kwa kasi isiyo ya kawaida, na takataka zilipokuwa zimechakaa kiasi cha kukaribia kutoonekana, pande zote mbili zikawa tayari kutia ndege alama ya usafi. Ndipo Kitinda alipoinua uso akaona puto.

Lilikuwa puto la gesi, la manjano, lenye sura ya samaki anayecheka. Mtoto fulani alikuwa amelisahau. Lilikuwa limejibandika kwenye dari katikati ya ndege, juu ya njia, na uzi wake mrefu ulining'inia mpaka chini. Kiyoyozi kikipuliza, uzi uliyumba na ncha yake ikainuka. Kikipumzika, ncha ilishuka ikalamba zulia. Kwa hiyo puto lilibadilisha wenyewe kwa kadiri upepo ulivyovuma.

Mkuu wa wahudumu, mwanamume mtanashati aliyenukia vizuri kiasi cha kuitwa Manukato hata na mkewe, alilitazama akatabasamu.

"Limegusa chini," alisema. "Ni lenu."

Upande wa wasafishaji alijitokeza mwenyekiti wa chama chao, mzee mfupi aliyekuwa hafanyi kazi nyingine ila uenyekiti. Alipiga magoti, akalaza shavu kwenye zulia, akawasha tochi ya simu. Aliikodolea macho ncha ya uzi kama mtu anayemsubiri panya atoke shimoni. Akatangaza kwamba kati ya ncha na zulia pana nafasi, ndogo lakini ipo, na kwamba aliye na macho aje aone. Manukato naye akapiga magoti, baada ya kutandika leso. Wakalala pale mashavu chini, wanatazamana. Imegusa. Haijagusa. Sasa imegusa. Wewe umepumua. Mwenyekiti akadai kwamba kilichogusa ni uzi, na uamuzi haukusema lolote kuhusu kitu kilichogusa kitu kinachogusa. Maana kwa hesabu hiyo viti navyo vimefungwa sakafuni, basi na viti ni vya wasafishaji, na rubani akikalia kiti chake naye ni wa kufagiwa.

Mnyapara alisimama kando na ufagio wake. Kupitia dirisha dogo aliona kioo cha ukumbi wa kusubiria, na nyuma ya kioo alimwona mama yake juu ya kiti cha magurudumu. Kutembea aliweza vizuri tu, lakini alikataa kata kata kukosa kusukumwa bure. Alikuwa amevaa koti lake la kutokea. Amekumbatia mfuko wa nguo mapajani, na uso wake umegeukia upande wa mwanga, akitabasamu na watu asiowaona. Pembeni mwa ukumbi, rubani alikuwa anapiga miayo.

 Mnyapara alijua vizuri kilichokuwa kwenye uzi ule. Akilivuta puto, basi kila kinachoning'inia, kinachoelea na kilichobandikwa juu kitakuwa chao tangu siku hiyo, na wale wanawake nyuma yake, waliomwamini, watapanda ngazi kupangusa dari na migongo yao ile. Asipolivuta, rubani atalala, daktari atafunga mkoba, na mama yake ataendelea kumtambua kwa miguu mpaka mwisho wa siku zake.

Akapiga moyo konde. Akautupa ufagio, akanyoosha mkono akaushika uzi.

Mkono mwingine ulikuwa umeushika tayari, juu kidogo ya wake. Kucha zake zilipakwa rangi.

"Niachie," alisema Mnyapara. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia mdogo wake ana kwa ana tangu uamuzi.

"Niachie wewe. Mama ni wangu."

"Alikuwa wangu kabla wewe hujazaliwa."

"Basi umeshamfaidi. Leta hapa."

Wakaanza kuvutana. Manukato alipoona mhudumu wake anataka kukubali puto, alimdaka kiunoni, akimkumbusha kwa sauti ya chini kwamba akilichukua yeye basi wamekubali uzi haukugusa, na kesho wasafishaji watawafungia takataka zote kwenye nyuzi. Mwenyekiti naye alimshika Mnyapara mkono, wanawake wawili wakamshika mabega, wakimsihi asiwauze. Dada wakabanduliwa kutoka kwenye uzi kama watu wanaoachanishwa kwenye ngumi. Puto likarudi darini, samaki akazidi kucheka.

Ikaamuliwa apigiwe simu msuluhishi. Aliuliza puto lina rangi gani. Akauliza kama samaki anacheka kwa mdomo wazi au mdomo umefumbwa. Akasema suala hili ni zito na halitolewi maamuzi kwa simu. Atakuja mwenyewe kuliona, na hatachelewa, atapanda ndege ya kwanza kutoka kwao. Ndege ya kwanza kutoka kwao ilikuwa hiyohiyo, iliyotakiwa kwanza kufika huko. Manukato alimshukuru sana na kukata simu, na ilimchukua muda kutambua kwa nini Mnyapara amejishika kichwa.

Wakati huo wote kulikuwa na mtu ambaye hakuhusika na upande wowote. Alikuwa msukuma viti, kijana mnene wa kampuni nyingine kabisa, na maagizo yake yalikuwa mafupi: saa ikifika, abiria wa kiti cha magurudumu apelekwe ndegeni. Hayakusema kama ndege iwe safi. Hayakusema hata kama ndege iwepo. Saa ilifika, akamsukuma mama kwenye daraja la kupandia, akaingia naye mlangoni akisema samahani, samahani, akapita katikati ya Manukato na mwenyekiti, akamkalisha kwenye kiti cha pembeni ya njia, akamtakia safari njema na kuondoka na kiti chake.

 Kiyoyozi kikapuliza. Uzi ukayumba, ukampitia mama puani.

"Ndege yenu ina buibui," alisema mama. Akaushika uzi, akauvuta, akahisi unamvuta nao. "Tena mkubwa. Mwanangu mkubwa yupo hapa? Nimesikia mtu anaburuta."

"Nipo, Mama," alisema Mnyapara.

"Na anayegonga?"

"Nipo, Mama."

"Haya, niambieni hiki ni nini, maana kinataka kuninyanyua."

Mnyapara akamweleza. Alieleza kila kitu kwa mkato, puto, uzi, zulia, rubani na usingizi wake, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoona aibu, hata sauti ikamshuka. Mama alikuwa anapapasa puto aliloliteremsha mapajani. Aligusa mapezi, macho, mdomo.

"Sasa ni la nani?" aliuliza.

"Halina mwenyewe. Ndiyo shida yenyewe."

"Shida gani? Ni langu."

"Mama, si lako."

"Kuna anayelitaka?" Akageuza uso huku na huku, kama mnadani.  "Basi ni langu. Mzigo wa abiria huu. Nani hapa ana kazi ya kuniokotea mzigo wangu na nimeushika mwenyewe?"

Manukato akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama Manukato. Kwa mara ya kwanza tangu waanze kugombana hawakuwa na la kupingana. Mzigo wa abiria haukuwa uchafu, na kisichokuwa uchafu hakikuwa cha mtu. Hata hivyo Manukato alikuwa mtu wa kanuni.

"Bi Mkubwa, nakuomba radhi," alisema. "Tiketi yako inaruhusu mzigo mmoja tu wa mkononi. Na una mfuko."

Mama akauinua mfuko wenye nguo ya kulalia, sabuni na mswaki, akaupeleka upande ulikotoka sauti ya kuburuta. Mnyapara akaupokea.

"Nitalala na nguo hizi hizi," alisema mama. "Mwiteni huyo anayetaka kusinzia."

Ndege ikapaa rubani akiwa bado ana muda, ingawa mdogo. Mnyapara alisimama kwenye lami ya uwanja, kavaa fulana yake ya kung'aa, ameshika mfuko wa mama yake, na akabaki pale hata magari ya mizigo yakaanza kumpigia honi.

Hakulala vizuri. Asubuhi alifanya kazi kama mtu aliyetiwa pamba masikioni. Wenzake walimsalimu akawajibu salamu za jana. Karibu na adhuhuri simu iliita, na jina lililotokea halikuwa limetokea kwenye simu hiyo kwa muda mrefu. Kitinda, aliyepewa ruhusa ya siku chache kumuuguza mama, alisema upasuaji umekwisha na daktari ameridhika. Mama amefungwa bandeji, anakula, anawasumbua wauguzi. Analidai puto lake, maana wamemzuia kuingia nalo chumba cha upasuaji.

"Vizuri," alisema Mnyapara.

"Ndiyo."

 Hapakuwa na mama katikati wa kupokea neno na kulipeleka.

"Na wewe umekula?" aliuliza Mnyapara mwishowe.

"Nimekula," alisema Kitinda, na kwa jinsi alivyolisema dada mtu alijua hajala.

Siku mama aliporudi, Kitinda alikuwa ameshaanza tena kazi, na alihudumu katika ndege hiyohiyo. Mnyapara alisimama kwenye daraja la kupandia na kikosi chake kabla hata injini hazijazimwa. Abiria walishuka. Akahesabu nyuso, akachungulia nyuma ya kila mtu mrefu. Walishuka mpaka wakaisha, na mama hayumo. Hofu ikampanda. Akaingia.

Mama alikuwa amesimama katikati ya njia, miwani myeusi ameipandisha kwenye paji la uso. Alikuwa anamtazama Kitinda. Kitinda, kwa mazoea ya mkono, alikuwa anapangusa makombo kutoka kwenye kiti kwenda chini, safu baada ya safu, na hakujua anatazamwa. Mnyapara alitaka kuita, lakini mguu wake ulikanyaga kikombe cha karatasi, na kabla hajafikiri alikuwa ameshainama, amekiokota, na amekiweka juu ya kiti.

Mama akageuka. Akakitazama kikombe. Kisha akamtazama yeye, uso mzima, kuanzia kidevu mpaka nywele, na hakuharakisha.

"Umezeeka," alisema mama.

"Ndiyo, Mama." Machozi yalikuwa yameshamtoka Mnyapara.

"Na huyu amenenepa. Mlinificha." Kitinda alikuwa amesimama na mkono bado uko hewani juu ya makombo. Mama akapitisha macho yake mapya kwenye ndege nzima, hayakuruka kitu: mifuko ya viti iliyojaa tishu, madoa ya chai kwenye vimeza, zulia lililofanana na uwanja wa soko jioni. "Hii ndiyo kazi mnayorudi nayo nyumbani mkihema?"

Walijaribu kueleza, wote wawili kwa pamoja. Manukato alisaidia kutoka jikoni. Mwenyekiti, aliyekuwa ameingia kulinda masilahi, alinukuu uamuzi neno kwa neno. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kwenye kiti chake akaketi na kufunga mkanda.

"Mama, tumefika," alisema Kitinda.

"Najua. Naona." Akaegemea. "Sishuki. Nimekatwa macho ili nione, na mimi nataka kuona ndege iliyofagiwa."

Manukato akamsihi. Abiria wa safari inayofuata walikuwa wameshapanga mstari. Kazi ya usafi, alieleza, kwa mujibu wa uamuzi, huanza abiria wa mwisho akishashuka. Kabla ya hapo hakuna upande wenye kazi. Mama akamwambia basi wasubiri, yeye hana pa kwenda, na safari hii ana mfuko wake nyumbani unaomsubiri bila haraka.

Mnyapara alikuwa anamtazama mdogo wake juu ya migongo ya viti. Aliona kwamba wazo lilelile lililomjia yeye limemfikia na mwenzake, kwa sababu nyusi za Kitinda zilipanda kama zilivyokuwa zikipanda utotoni kabla ya ujinga wowote mkubwa. Kitinda akavua viatu vya kisigino. Akatoa kitambaa jikoni, akakilowesha, akaanza kufuta kimeza cha kwanza, na makombo akayakusanya kwenye kiganja chake. Mnyapara akashika ufagio na mfuko wa takataka, akaanza upande wa pili. Walipokutana, Kitinda alimimina kiganja kwenye mfuko, na Mnyapara akakiokota kile kikombe cha karatasi kutoka juu ya kiti, mahali ambapo hakikuwa chake, akakitupa humohumo.

Mwenyekiti alikuwa mlangoni anapepesuka kama aliyepigwa na jua.

"Mnyapara," aliita, "mnafanya kazi ya nani?"

"Kazi haijaanza," alijibu bila kugeuka. "Abiria hajashuka."

"Sasa hiyo ni nini?"

"Tunamfagilia mama yetu alipokaa."

Mwenyekiti aliutafuta uamuzi wote kichwani, hakukuta pa kushika. Nyuma yake mmoja wa wale wanawake wenye migongo alichungulia, akamtazama mama, akauliza kama anaweza kumsalimia. Akaingia na dekio.

Mama aliteremsha miwani, akaipandisha tena. Alinyoosha kidole. Pale. Na pale, chini ya dirisha. Hapana, hapo mmepaacha, mnanidanganya kwa sababu mmenizoea kipofu. Ufagio wa Mnyapara ulipofika kwenye safu yake, mama aliinua miguu yote miwili, akaishikilia juu ili upite.